Vumbi la Plastiki Lisiloonekana, na Kazi Yetu ya Karafuu



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya miche, uchumaji, uanikaji na bei. Mara hii twataka kueleza jambo ambalo wanachama wengi wametuuliza. Je, ni kweli kwamba vyombo vya plastiki hutoa vumbi dogo mno lisiloonekana kwa macho? Je, vumbi hilo huingia katika chakula chetu, na pengine katika karafuu zetu? Na likiingia, lina madhara gani?

Jawabu la swali la kwanza na la pili ni fupi: ni kweli, na huingia. Jawabu la tatu si fupi. Mtu akuambiaye kwamba vumbi hilo halina neno lolote, na mwingine akuambiaye kwamba ni sumu inayoua, wote wawili wamevuka mpaka wa yale yanayojulikana. Basi twaomba msomaji atuvumilie tuyapange mambo moja baada ya moja, kisha mwisho tutaeleza yatupasayo kufanya shambani na jikoni.

Kwanza tuujue udogo wenyewe. Milimita moja ni alama ndogo kabisa katika rula ya mwanafunzi. Ukiigawa milimita hiyo mafungu 1,000, fungu moja huitwa maikromita. Ukiigawa maikromita nayo mafungu 1,000, fungu moja ndilo nanomita. Unywele wa mtu una unene wa maikromita 80 hivi. Chembe ya plastiki yenye upana wa nanomita 100 ni ndogo hata zingehitajiwa chembe 800 zipangwe mstari mmoja ili kuutimiza upana wa unywele huo. Vipande vya plastiki vilivyo chini ya milimita 5 wataalamu huviita plastiki ndogo, na vile vilivyo chini ya maikromita moja huviita plastiki za nano. Hizi za nano hata hadubini ya kawaida ya shule haiwezi kuzionyesha vizuri.

Kwa nini udogo uwe jambo la kutajwa? Sisi wenye karafuu twalijua jambo hili bila ya kufundishwa. Karafuu nzima ikikaa mkononi hutoa harufu kidogo. Karafuu hiyo hiyo ikisagwa, nyumba nzima hujua. Karafuu haikuongezeka uzito wala haikugeuka kitu kingine. Kilichoongezeka ni uso wake unaokutana na hewa. Vivyo hivyo kwa plastiki. Chukua kipande cha mraba chenye sentimita moja kila upande: uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Kikate kiwe vipande vya nanomita 100, na nyuso zao zote pamoja zitakuwa mita 60 za mraba, yaani jamvi la kuanikia lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Kitu chenye uso mkubwa namna hiyo hukutana na mwili kwa wingi zaidi, na kwa kuwa ni kidogo, huweza kupenya mahali ambapo kipande kikubwa kingezuiwa na kutolewa pamoja na choo.

Sasa tujue chembe hizi zatoka wapi. Zina asili mbili, na ni vyema zisichanganywe.

Asili ya kwanza ni zile zinazotiwa kwa makusudi kiwandani. Watengenezaji huchanganya katika plastiki chembe za nano za fedha ili kuua vijidudu, za udongo ili kuzuia hewa isipite, na masizi meusi ili plastiki istahimili jua; ndiyo maana mabomba mengi ya maji ya plastiki ni meusi. Juu ya hizi, habari ni ya kutuliza moyo kidogo. Majaribio mengi yameonyesha kwamba chembe iliyoshikwa barabara ndani ya plastiki nzima haitoki ovyo kuingia katika chakula. Fedha hutoka, lakini sehemu kubwa hutoka ikiwa imeyeyuka, si ikiwa chembe. Hata hivyo serikali hazikuacha mambo yaende yenyewe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka wa 2011 juu ya plastiki zinazogusa chakula yasema kwamba kitu cha nano hakiruhusiwi kutiwa humo ila kiwe kimepimwa na kutajwa wazi kwa jina. Na mwaka wa 2014 idara ya mazingira ya Marekani ilisimamisha uuzaji wa vyombo vya chakula vilivyotiwa fedha ya nano, kwa sababu muuzaji alidai kuwa vyaua vijidudu, na dai hilo halikuwa limepimwa wala kuandikishwa kwa mujibu wa sheria.

Asili ya pili ndiyo itugusayo zaidi: ni vumbi litokalo katika plastiki yenyewe kwa kuchakaa. Plastiki haiozi kama jani la mgomba. Hupasuka, kisha vipande hupasuka tena, na tena. Mwaka wa 2004 Bwana Richard Thompson wa chuo kikuu cha Plymouth, Uingereza, pamoja na wenzake, walieleza ulimwengu kwamba mchanga wa pwani na maji ya bahari yamejaa vipande hivyo vidogo. Baada ya hapo wataalamu wakaanza kutazama vyombo vya nyumbani, na wakaona kwamba havingoji kufika baharini ndipo vitoe vumbi. Huanza mezani.

Tutaje majaribio machache. Mwaka wa 2019, katika chuo kikuu cha McGill mjini Montreal, vifuko vya majani ya chai vilivyotengenezwa kwa plastiki vilitiwa katika maji ya moto wa digrii 95, navyo vikahesabiwa kutoa chembe zaidi ya bilioni 11 za plastiki ndogo na bilioni 3 za nano katika kikombe kimoja. Wataalamu wengine waliipinga hesabu hiyo, wakisema kwamba sehemu ya kilichohesabiwa ni vitu vilivyoyeyuka kutoka plastiki kisha vikaganda maji yalipokauka. Twaitaja hitilafu hiyo makusudi, ili mwanachama ajue kwamba kuhesabu vitu hivi ni kazi ngumu, na namba kubwa isipokewe bila kuulizwa.

Mwaka wa 2020 wataalamu wa chuo cha Trinity mjini Dublin, Ireland, walipima chupa za kunyonyeshea watoto zilizotengenezwa kwa polipropilini, plastiki ambayo pia viroba vyetu vimefumwa nayo. Maji yalipokuwa ya baridi ya digrii 25, lita moja ilipata chembe laki 6 hivi. Maji yalipofika digrii 95, chembe zilifika milioni 55. Chupa ni ile ile. Kilichobadilika ni moto tu.

Mwaka wa 2022 taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani ilitangaza kwamba vikombe vya karatasi vyenye utando wa plastiki ndani, vikitiwa maji ya moto, hutoa chembe za nano kwa matrilioni katika lita moja. Lakini wataalamu hao hao waliongeza kwamba ukizipima kwa uzito, zilikuwa chini ya kiwango kilichowekwa na sheria ya chakula ya nchi yao. Hapa pana funzo: namba yaweza kutisha na uzito ukawa haba, kama vile vumbi la karafuu linalojaza chumba na hali halitimizi hata kijiko.

Na Januari 2024 wataalamu wa chuo kikuu cha Columbia, New York, wakitumia mwanga wa leza, walihesabu kwa wastani chembe 240,000 katika lita moja ya maji ya chupa, na katika kila 10 zipatazo 9 zilikuwa za nano. Chembe hizo zilikuwa zikipita bila kuonekana katika vipimo vya zamani.

Je, zikiisha kuingia mwilini zafanya nini? Mwaka wa 2022 wataalamu wa Amsterdam walipima damu ya watu 22 wazima wa afya, wakakuta plastiki katika damu ya 17. Basi kuingia zaingia. Machi 2024 matabibu wa Italia waliandika juu ya wagonjwa waliosafishwa mshipa mkubwa wa shingoni ulioziba kwa mafuta. Kati ya wagonjwa 257 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 3, 150 walikuwa na plastiki ya polithini ndani ya utando ule wa mafuta. Wenye plastiki walipatwa na ugonjwa wa moyo, kiharusi au mauti kwa hatari ya mara 4 na nusu kuliko wasiokuwa nayo. Habari hii ni nzito, lakini yapasa isomwe kwa uangalifu. Matabibu wenyewe walisema kwamba haithibitishi kuwa plastiki ndiyo iliyosababisha. Yamkini watu wenye plastiki nyingi walikuwa na jambo jingine lililowadhuru. Shirika la Afya la Ulimwengu nalo lilipokusanya habari zote mwaka wa 2022 lilisema kwamba ushahidi haujatosha kukata hukumu juu ya afya ya binadamu, likahimiza uchunguzi uendelee na watu wapunguze plastiki.

Hapo ndipo ilipofikia elimu. Madhara hayajapimwa yakakamilika. Lakini yako mambo yaliyokwisha kupimwa vizuri, nayo ni yale yanayoifanya plastiki imwage vumbi: moto, jua, msuguano, na mafuta. Twataka kila mwanachama ayashike manne haya, kwa sababu katika kazi yetu ya karafuu yote manne hukutana.

Tuanze na jua. Mwanga mkali wa jua hukata minyororo ambayo plastiki imeungwa kwayo. Kila mmoja wetu ameona turubai la plastiki lililokuwa laini likawa gumu, likaingia weupe, kisha likawa latoka unga na vipande likiguswa. Unga ule ndio tunaozungumzia, na ule unaouona ni sehemu kubwa kubwa tu. Sasa fikiri: karafuu mbichi zimetandazwa juu ya turubai la namna hiyo siku nne au tano, jua limewaka, na mtu azigeuza asubuhi na jioni kwa mguu au kwa reki. Jua lipo, msuguano upo, na mafuta yamo ndani ya karafuu zenyewe.

Jamvi la miyaa nalo huchakaa, lakini uchakavu wake ni jani. Tena jamvi hupitisha hewa, na plastiki haipitishi. Unyevu unaotoka katika karafuu hubaki chini yake, karafuu huvunda na rangi yake hupotea. Kwa hiyo hata asiyejali habari ya chembe, jamvi lina faida kwake mwenyewe siku ya kuuza. Twajua kwamba jamvi lina gharama, na kwamba kulisuka ni kazi ya mikono ya watu. Twajua pia kwamba mvua ya ghafla ikija, turubai ndilo liokoalo mavuno. Basi hatusemi turubai litupwe. Twasema mahali pake ni juu ya karafuu wakati wa mvua, si chini ya karafuu wakati wa jua. Na likiisha kutoka unga, lisikaribie karafuu kabisa.

Ama mafuta ya karafuu, haya yana tabia yake ambayo mwanachama lazima aijue. Karafuu iliyokauka vizuri ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho eujenoli. Eujenoli hulainisha na kuyeyusha baadhi ya plastiki, hasa polistirini. Hii ndiyo plastiki nyeupe nyepesi kama povu inayofungia vyombo vya umeme, na ndiyo pia ile ngumu ing'aayo kama kioo ya vikopo vya bei rahisi. Asiyeamini na atie tone moja la mafuta ya karafuu juu ya kipande cha povu hilo, aone litakavyozama na kuacha shimo. Yale mafuta hayakuiondoa plastiki ulimwenguni. Yameichukua ndani yake. Kwa hiyo mwenye kukamua au kununua mafuta ya makonyo au ya karafuu kwa matumizi ya nyumbani asiyatie katika kichupa chochote anachookota. Chombo chake ni chupa ya kioo yenye rangi, au chombo cha alumini au cha chuma kisichoshika kutu, kifunikwe vizuri na kiwekwe pasipo jua.

Kuhusu magunia, viroba vya polipropilini ni vyepesi na ni rahisi, nasi twaona vimeenea. Kiroba kipya kilichokaa kivulini hakina ubaya wa kuonekana. Kiroba kilichopigwa na jua miezi mitatu, ambacho nyuzi zake zakatika ukizivuta, hicho hutoa nyuzi katika karafuu, na nyuzi zinazoonekana mnunuzi huzihesabu kuwa ni takataka. Karafuu zisitiwe humo zikiwa bado zina joto la sakafuni. Ziachwe kwanza zipoe kivulini. Wala tusidhani kwamba gunia la juti halina lake, kwani magunia mengine ya juti yalilainishwa nyuzi zake kwa mafuta ya mitambo. Lifaalo ni gunia lililotengenezwa kwa ajili ya chakula, safi, lisilonuka mafuta.

Kwa nini tuyakazanie haya, na hali mnunuzi hapimi chembe za nano? Kwa sababu karafuu yetu haiuzwi kwa wingi. Ziko nchi zilimazo nyingi kuliko sisi. Huuzwa kwa jina lake la usafi na ubora, na jina likiharibika halirudi kwa msimu mmoja. Elimu ya kupima yaendelea kila mwaka. Jambo lisilopimwa leo laweza kupimwa kesho, na heri likutwe kwetu halipo kuliko likutwe lipo.

Sasa tuingie jikoni, maana afya ya watu wa nyumbani ni mbele ya mali. Hapa kanuni ni moja: kitu cha moto na plastiki visikutane. Chai ya moto na inywewe katika kikombe cha udongo, cha kioo au cha bati. Urojo wa moto usimiminwe katika mfuko wa plastiki. Mwenye kwenda kununua achukue bakuli lake. Wali usifunikwe kwa mfuko wa nailoni chini ya kifuniko. Jani la mgomba ambalo mabibi zetu walitumia lafanya kazi ile ile, na huongeza harufu nzuri. Vyombo vya plastiki vilivyokwaruzwa visisuguliwe kwa mchanga au kwa steliwaya, bali vitumiwe kuwekea vitu vikavu visivyoliwa.

Kwa akina mama wenye watoto wachanga tuna neno la pekee, na twaomba lisikosewe. Maziwa ya mama hayana mfano, wala hayahitaji chupa. Mtoto anayelazimika kupewa maziwa ya unga, maji ya kuchanganyia lazima yawe yamechemshwa na yasipungue digrii 70, kwa sababu vijidudu huua mtoto kwa siku chache, na hilo halina shaka yoyote. Basi mtu asiache maji ya moto kwa kuogopa plastiki. Afanye hivi: achemshe maji katika sufuria, achanganye maziwa katika chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu kilichokwisha chemshwa, ayaache yapoe hadi kiasi cha kunyweka, kisha ndipo ayatie katika chupa iliyochemshwa ikapoa na kusuuzwa kwa maji safi yaliyochemshwa. Kwa njia hii vijidudu vimekufa, na moto haukuigusa chupa pamoja na maziwa.

Juu ya maji ya kunywa, iko habari njema. Mwaka wa 2024 wataalamu wa Guangzhou, China, walionyesha kwamba kuchemsha maji yenye chokaa nyingi hupunguza chembe za plastiki hadi asilimia 90, kwa kuwa chokaa huganda na kuzifunga ndani yake. Maji yasiyokuwa na chokaa yalipunguza robo tu. Mwenye birika linaloshika ukoko mweupe ndani atajua kuwa maji yake ni ya chokaa. Ayachemshe, ayaache yatulie, ayachuje kwa kitambaa safi cha pamba, ayahifadhi katika mtungi wa udongo. Kuchemsha ambako tumekuwa tukiambiwa kwa ajili ya kipindupindu, kumbe kuna faida ya pili.

Mwisho, plastiki iliyochakaa isichomwe shambani wala uani. Moshi wake huvutwa na watoto na huketi juu ya karafuu zilizoanikwa. Ikusanywe ipelekwe mahali pa taka. Visiwa vyetu vilitangulia katika jambo hili: Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka wa 2006, Kenya ikafuata mwaka wa 2017, na Tanzania Bara Juni 2019. Mfuko ulioachwa ukapasukia shambani ndio vumbi la plastiki la miaka ijayo, chini ya mikarafuu hiyo hiyo tuliyoachiwa na wazee wetu.

Haya si mambo ya kumtia mtu hofu asiweze kula. Sehemu kubwa ya tuliyoyataja haigharimu hata senti: kikombe kingine, jani la mgomba, turubai kuwekwa juu badala ya chini. Hatuwezi kuiondoa plastiki yote katika maisha yetu, lakini twaweza kuitenga na moto, jua, msuguano na mafuta, na hilo liko mikononi mwetu kuanzia msimu huu. Mwanachama mwenye swali na alilete katika mkutano wa tawi lake, nasi tutalijibu katika kurasa hizi kwa kadiri ya yale yaliyothibitika.